Meli Isiyo na Dohani na Maradhi Yaliyoifuata

Februari 1912 meli mpya iliingia London, na waliokuwa gatini wakaikodolea macho. Haikuwa na dohani. Ilikuwa na milingoti mitatu, na moshi wake mchache ukitokea kwenye mlingoti mmojawapo. Jina lake Selandia. Ilikuwa imeundwa na Burmeister & Wain wa Copenhagen kwa ajili ya kampuni ya Kidenmaki ya East Asiatic, na sasa ilikuwa njiani kwenda Bangkok. Winston Churchill, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa waziri wa jeshi la majini la Uingereza, alipanda kuikagua.

Kilichowavuta wakaguzi kilikuwa chini ya sitaha: injini mbili za dizeli, kila moja na silinda nane na nguvu ya farasi 1,250, zikizunguka mara 140 kwa dakika. Hapakuwa na boila wala lundo la makaa. Hapakuwa hata na wale wachochea moto ambao katika meli za mvuke walizirai kwa joto kila walipokatiza Bahari ya Shamu. Selandia haikuwa ya kwanza kabisa, kwani meli ya Kidachi ya kubeba mafuta, Vulcanus, ilitangulia 1910. Hata hivyo, Selandia ndiyo iliyowaondolea matajiri wa meli shaka kwamba dizeli inaweza kuvuka bahari kuu, ikaenda na kurudi. Ilipokezanwa na wamiliki, ikabadilishwa majina, ikaendelea kufanya kazi mpaka ilipoangamia pwani ya Japani mwaka 1942.

Sifa hiyo njema iliwafanya wengi wasahau jinsi injini za kizazi kile zilivyokuwa na kero. Ajabu ni kwamba kero zenyewe mara chache zilianzia kwenye moto wa ndani ya silinda, ambao ndio uliokuwa uvumbuzi wa Rudolf Diesel. Zilianzia pembeni: kwenye hewa, maji, oili na mafuta.

Hewa ndiyo iliyotangulia kuwatesa mafundi. Siku hizo pampu haikuweza kusukuma dizeli kwa nguvu ya kutosha kuipasua iwe matone madogo. Kwa hiyo mafuta yalipulizwa ndani ya silinda kwa hewa iliyoshindiliwa hadi kiasi cha angahewa 60, na hewa hiyo ilitoka kwenye kompresa kubwa iliyokula sehemu ya nguvu ya injini yenyewe. Kompresa ikigoma, meli imesimama. Valvu zake zilivunjika, mabomba ya kupozea yakaziba, na oili kidogo ikipenya kwenye bomba la hewa moto, bomba lilipasuka kwa kishindo. Fundi wa zamu alishinda akiihudumia kompresa kuliko injini aliyoajiriwa kuiendesha.

Nafuu ilipatikana pale pampu zilipoimarika zikaweza kusukuma mafuta peke yake, bila hewa. Kiwanda cha Doxford cha Sunderland kilikuwa miongoni mwa waliofanikiwa mapema, na injini yao iliingia baharini ndani ya meli ya Kiswidi Yngaren mwaka 1921. Injini hiyo ilikuwa na pistoni mbili katika kila silinda, moja juu na moja chini, zikikutana katikati. Kwa mpango huo hapakuhitajika silinda hedi. Fundi yeyote aliyewahi kuhangaika na hedi iliyopata ufa kwa sababu maji ya kupozea yamepungua ataelewa mara moja kwa nini Doxford ilipendwa. Nayo ilikuwa na mizigo yake: mikono mirefu ya kuisukuma pistoni ya juu, na beringi nyingi mno za kukagua. Injini ya mwisho ya Doxford ilitengenezwa mwaka 1980, na tangu hapo wenye nazo wakabaki kusaka spea kwenye meli zilizopelekwa kukatwa.

Hayo si ya Doxford pekee: injini kwa kawaida hutangulia kufa, bodi ya meli ikabaki. Wasafiri wa Mwanza na Bukoba wanalijua hilo bila kufundishwa. MV Victoria, iliyoundwa Glasgow ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kisumu, ilianza kazi mwaka 1961. Baada ya kulazwa kwa miaka kadhaa ilirudi ziwani 2020 ikiwa bodi ileile, lakini na injini mpya.

Baada ya hewa ikaja zamu ya mafuta. Dizeli safi ilikuwa ghali, ilhali yale mafuta mazito meusi yanayobaki baada ya kusafisha mafuta ghafi yalikuwa rahisi. Mwaka 1946 mhandisi John Lamb aliyajaribu kwenye Auricula, meli ya mafuta ya kundi la Shell. Aliyapasha moto kwanza, kisha akayapitisha kwenye mashine mbili za kuzungusha kwa kasi, ya kwanza itoe maji, ya pili itoe uchafu uliosalia. Injini ikayakubali. Matajiri walifurahi, mafundi wakapewa kazi mpya. Mafuta mazito yana salfa nyingi, na salfa ikiungua kisha ikakutana na unyevu kwenye ukuta wa silinda uliopoa, huzaa asidi. Ukuta unalika, ringi zinalika, mgandamizo unapungua, moshi unakuwa mweusi. Tiba ya kweli ilikuja miaka ya 1950, zilipotengenezwa oili za silinda zenye kemikali za kuua asidi hiyo.

Lakini maradhi mabaya kuliko yote yalikuwa yamejificha kwenye kasha la chini la injini, pale krankshafti inapozungukia, mahali ambapo kila mtu alidhani hakuna cha kuungua.

Reina del Pacifico ilikuwa meli ya abiria yenye hadhi, iliyoundwa Belfast mwaka 1931 kwa safari za Amerika ya Kusini. Ramsay MacDonald, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, alifia humo mwaka 1937. Vita vilipozuka ikabeba askari, na vilipokwisha ikarudi Belfast kutengenezwa. Tarehe 11 Septemba 1947 ilikuwa inarejea kutoka kwenye majaribio, chumba cha injini kimejaa mafundi na wakaguzi wa kiwanda. Pistoni moja ya injini ya pembeni kabisa, upande wa kushoto, ilipata joto kupita kiasi. Mlipuko ukatokea kwenye kasha, na moto ukaenea chumbani. Watu 28 walifariki.

Uchunguzi ulieleza jambo ambalo mafundi wengi walikuwa wakiliona bila kulielewa. Oili iliyo kwenye kasha haiwaki kirahisi. Ila ikigusa chuma chenye joto kali, iwe beringi iliyokauka au pistoni iliyosugua ukuta, inageuka mvuke. Mvuke huo ukipoa hewani unakuwa ukungu mweupe. Ukungu ukichanganyika na hewa kwa kiasi chake, chuma kilekile kilichouzaa ndicho kinachouwasha. Mlipuko wa kwanza huweza kuwa mdogo, ukang'oa mlango tu. Kisha shinikizo linashuka, hewa safi inavutwa ndani, na mlipuko wa pili ndio unaoua.

Hapo ndipo milango ya usalama ilipotiliwa mkazo: inafunguka yenyewe kwa springi, inaachia shinikizo, inajifunga mara moja kuzuia hewa isirudi, na ina wavu wa kuzima ulimi wa moto. Baadaye vikaja vifaa vya kunusa ukungu kabla haujafikia kiwango cha hatari. Leo mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, SOLAS, unadai milango hiyo kwenye injini yoyote yenye silinda za upana wa milimita 200 na kuendelea. Injini za kilowati 2,250 na zaidi, au zenye silinda pana kuliko milimita 300, lazima ziwe na kifaa cha kugundua ukungu wa oili, au cha kupima joto la beringi, au kingine cha kazi hiyohiyo.

Kwa boti kongwe isiyo na kifaa chochote kati ya hivyo, utaratibu wanaofundishwa mafundi ni huu: ukiona kasha limepata joto lisilo la kawaida, au moshi mweupe unafuka kwenye kipumulio, punguza mwendo, zima injini, watoe watu, na usifungue mlango wa kasha kwa nusu saa nzima, hata kama nahodha anakuhimiza.