Neno Moja, Njia Mbili: Mamlaka ya Maandiko na Uinjilisti katika Kanisa la Kilutheri

Mwaka 1521, mbele ya baraza la Worms, Martin Luther alikataa kuyakana maandishi yake mpaka ashindwe kwa ushahidi wa Maandiko Matakatifu au kwa hoja iliyo wazi. Tangu hapo Walutheri hukiri kwamba Neno la Mungu ndilo kipimo cha mafundisho yote. Hata hivyo, ungamo hilo halikuwafanya wahubiri wote wawe na njia moja ya kulipeleka Neno kwa watu. Historia ya Kanisa la Kilutheri nchini Tanzania inashuhudia njia mbili zilizokutana, zikavutana, na hatimaye zikafundishana.

Njia ya kwanza ni ile ya Bruno Gutmann. Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, na Gutmann akawasili mwaka 1902. Mwaka 1920, baada ya vita, alilazimika kuondoka. Alirejea katikati ya miaka ya 1920 na kuhudumu Old Moshi hadi 1938. Alijifunza Kichagga kwa kina, akaandika kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachagga mwaka 1926, akalitafsiri Agano Jipya kwa lugha ya Old Moshi. Kwake yeye, mtu hakuumbwa aishi peke yake. Ukoo, ujirani na rika vilikuwa vifungo alivyovitoa Muumba mwenyewe, na Injili haikuja kuvikata bali kuvitakasa. Kwa hiyo aliujenga usharika juu ya misingi hiyo: majirani walitunzana, na vijana wa Kipaimara waliunganishwa katika vikundi vya kusaidiana kwa mfano wa rika la jadi.

Si wamisionari wenzake wote waliokubaliana naye. Swali lao lilikuwa zito: ikiwa mila inapewa nafasi kubwa kiasi hicho, ni nani atakayeamua lipi libaki na lipi liachwe? Je, Maandiko yanaihukumu mila, au mila inayafasiri Maandiko?

Njia ya pili ilitoka magharibi. Mwaka 1929, Kampala, Simeoni Nsibambi, Mkristo wa Buganda, alikutana na Joe Church, daktari wa misheni ya Kianglikana aliyefanya kazi Gahini, Rwanda. Katika miaka ya 1930 Uamsho ukaenea Rwanda na Uganda, ukavuka mpaka na kuingia Bukoba, kisha sehemu nyingine za Tanganyika. Hapa mahubiri hayakuanza na ukoo. Yalianza na mtu mmoja mbele ya msalaba, akiungama dhambi zake hadharani. Walei, wanaume kwa wanawake, walisimama kushuhudia bila kungoja joho wala cheo, na wimbo wa Tukutendereza ukavuka mipaka ya makabila.

Maswali yakazuka upya, safari hii kutoka upande mwingine. Baadhi ya wachungaji waliulizwa na washarika wao kama wameokoka. Wako Wakristo wa siku nyingi, waliobatizwa wakiwa watoto, walioona kana kwamba ubatizo wao umedharauliwa. Je, ushuhuda wa moyo unaweza kusimama juu ya Neno na Sakramenti?

Josiah Kibira, Askofu wa Bukoba tangu 1964 na Rais wa Fungamano la Kilutheri Ulimwenguni kuanzia 1977 hadi 1984, alikuwa mwenyewe mtu wa Uamsho. Katika kitabu chake cha mwaka 1974 alilitazama Kanisa pamoja na ukoo wa Kihaya. Na kwa kweli, waliookoka hawakubaki watu mmoja mmoja. Walikutana kila juma, wakaitana ndugu, wakashauriana juu ya ndoa, madeni na malezi. Waliouacha ukoo wa damu kwa ajili ya msalaba walijikuta katika ukoo mpya. Hivyo Uamsho, kwa njia yake, ulifika karibu na pale Gutmann alipoanzia.

Kilichoziwezesha njia hizi mbili kukaa katika Kanisa moja ni Biblia iliyokuwa mikononi mwa watu wenyewe. Biblia ya Kiswahili iliyotafsiriwa na Karl Roehl ilitoka mwaka 1937, na ile ya Muungano mwaka 1952. Mzee wa kanisa aliyeitetea mila na dada aliyeokoka waliweza kufungua ukurasa uleule. Hapo mila ilipimwa, na ushuhuda ukapimwa vilevile. Mila isiyokubali kuhukumiwa na Neno huwa sanamu. Na ushuhuda usiokubali kuhukumiwa na Neno huwa majivuno.

Usharika unaotimiza miaka mia moja umerithi vyote viwili: jumuiya ya nyumba kwa nyumba na wito kwa moyo wa kila mmoja. Wajibu wa kizazi kijacho si kuchagua kimoja na kukitupa kingine, bali kuviweka vyote chini ya Neno lililowaita wazee wao. Utukufu una Mungu.