Bomba la Mafuta na Mkono wa Sheria: Funzo la Sinai

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 12 Septemba 2011, wakazi wa kitongoji cha Sinai, kandokando ya eneo la viwanda la Nairobi, walikuta petroli ikitiririka katika mfereji uliopita baina ya nyumba zao za mabati. Habari ilienea upesi. Wanaume, wanawake na watoto walitoka na ndoo, madumu na sufuria, kila mmoja akitaka kupata chochote kabla neema ile haijakauka. Muda si mrefu moto ulilipuka. Watu zaidi ya 100 walipoteza maisha yao, na wengine wengi walifikishwa hospitali wakiwa wameungua vibaya. Baadhi ya waliokuwa wakiwaka walikimbilia Mto Ngong, na maiti kadhaa ziliopolewa humo.

Petroli ile ilitoka katika mitambo ya Kampuni ya Bomba la Mafuta ya Kenya, shirika ambalo wakati huo lilikuwa mali ya Serikali. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, chanzo kilikuwa gasketi, yaani kipande kidogo cha kuzibia kiungo cha valvu, ambacho kilishindwa kuhimili msukumo wa mafuta. Kitu chenye bei ndogo kuliko zote katika kituo kizima kiliachia, na mafuta yakaingia katika mfereji wa maji ya mvua, na mfereji ukayapeleka mpaka milangoni mwa watu.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Msemo huo unafariji wakati wa msiba, lakini haufai kuwa hoja ya mlinzi wa usalama. Mambo yaliyokutana Sinai siku ile yalikuwa na historia ndefu, na karibu kila moja lilikuwa na sheria yake. Anayetaka kujua kwa nini sheria hizo hazikuwaokoa watu wa Sinai hana budi kurudi nyuma.

Kabla ya bomba kujengwa, mafuta yaliyosafishwa Mombasa yalipelekwa bara kwa reli na kwa magari. Kampuni ya Bomba ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1978 mafuta yakaanza kupita katika bomba lenye upana wa inchi 14 na urefu wa kilomita zipatazo 450, kutoka Mombasa hadi Nairobi. Mwaka 1994 njia hiyo ilirefushwa kwenda Nakuru, Eldoret na Kisumu, na kwa hiyo Uganda, Rwanda na nchi nyingine za ndani zikawa karibu zaidi na mafuta ya pwani. Hapana shaka hatua hiyo ilikuwa ya maendeleo. Bomba likitunzwa vizuri ni njia ya salama kuliko magari mengi ya mafuta barabarani, kwa kuwa halipinduki, halichoki, wala halilali usingizi kwenye usukani.

Lakini bomba lina tabia yake. Limefukiwa, na kitu kilichofukiwa husahauliwa. Udongo wenye unyevu hula chuma polepole. Jembe, tingatinga, au mwizi mwenye kekee anaweza kulitoboa mahali ambapo hakuna mtu anayetazama. Ndiyo maana kanuni za usalama wa mabomba, katika nchi yoyote ile, hurudia mambo yaleyale: kukagua unene wa chuma, kulinda chuma na kutu, kupima msukumo wa mafuta usiku na mchana, kuweka valvu za kufunga sehemu iliyovuja, kulinda ukanda wa ardhi juu ya bomba usijengwe, na kuwafundisha wakazi wa jirani dalili za hatari. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo siri. Kinachotofautisha nchi na nchi ni nani anayehakikisha kwamba yametendwa.

Katika Kenya, kwa miaka mingi biashara ya mafuta ilitawaliwa na Sheria ya Petroli iliyorithiwa tangu enzi za ukoloni. Mwaka 1999 ilipitishwa sheria ya kusimamia mazingira, ambayo ilizaa mamlaka ya taifa ya mazingira. Mwaka 2006 ikaja Sheria ya Nishati iliyofuta ile ya zamani ya petroli, na chini yake ikaundwa Tume ya kusimamia nishati, yenye uwezo wa kutoa leseni na kuadhibu. Kwa hiyo, moto wa Sinai ulipowaka, sheria ilikuwapo kwa muda wa miaka mitano, na tume ilikuwapo. Pengo halikuwa katika maandishi.

Pengo la kwanza lilikuwa la kimaumbile. Serikali ndiyo iliyokuwa na kampuni, Serikali ndiyo iliyokula faida yake, na Serikali hiyohiyo ndiyo iliyotakiwa kuikagua, kuitoza faini, au kuisimamisha kazi. Waswahili wana msemo wa kesi ya ngedere kupelekwa kwa nyani. Si lazima nyani awe mwovu. Inatosha tu awe na sababu ya kusema kwamba jambo hili lingoje mwaka ujao wa fedha. Mkaguzi anayejua kwamba kufunga bomba kwa siku tatu kutaleta upungufu wa mafuta katika mji mkuu na katika nchi za jirani, na kwamba lawama itamshukia yeye, anahitaji ulinzi wa sheria ili aweze kutia saini amri hiyo.

Pengo la pili lilikuwa la ardhi. Mji wa Nairobi ulikua, na watu wenye kipato kidogo wakajenga mahali palipokuwa wazi, karibu na viwanda walikofanya vibarua. Mahali palipokuwa wazi ni pamoja na ukanda wa bomba, uliotakiwa kubaki mtupu. Kampuni ilieleza baadaye kwamba wakazi walikuwa wamekwisha kuonywa wahame. Yamkini ni kweli, lakini onyo ambalo halifuatwi na kiwanja mbadala ni karatasi tu. Mtu hahami kwa tangazo wakati hana pa kwenda. Na serikali inayoruhusu watu waishi mahali pa hatari kwa miaka, kisha ikawabomolea baada ya msiba, imechelewa mara mbili.

Pengo la tatu ni lile linalowahusu moja kwa moja askari. Miaka miwili na miezi kadhaa kabla ya Sinai, tarehe 31 Januari 2009, gari la petroli lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo, katika Bonde la Ufa. Wananchi walikusanyika kuchota, moto ukawaka, na watu zaidi ya 100 wakafa. Nchi nzima iliomboleza. Funzo lilikuwa wazi kabisa: petroli ikimwagika mahali penye watu maskini, watu watakuja, na dakika za kwanza za ulinzi ndizo zenye thamani kuliko saa zote zinazofuata. Hata hivyo, asubuhi ile ya Sinai, watu walikuwa wamekwisha kujaa kwenye mfereji kabla ya kuwapo mkono wa kuwazuia.

Baada ya msiba kulikuwa na ahadi. Je, ahadi hizo zilibadili nini? Mwezi Mei 2015, katika Kaunti ya Makueni, mafuta yalionekana katika Mto Thange. Yalikuwa yamevuja kutoka katika bomba lilelile la mwaka 1978, ambalo sasa lilikuwa na umri wa karibu miaka 37. Safari hii hapakuwa na moto, na kwa hiyo hapakuwa na picha za kutisha. Palikuwa na visima visivyonyweka, mashamba yaliyoharibika, na wakulima waliotazama maji ya mto wao wasiweze kuyatumia. Wakazi walikwenda mahakamani, na ilipofika mwaka 2025 mahakama iliamuru walipwe fidia ya mabilioni ya shilingi. Miaka kumi ilikuwa imepita. Mtoto aliyezaliwa mwaka mafuta yalipovuja alikuwa darasani wakati hukumu iliposomwa.

Bomba jipya lenye upana wa inchi 20, kutoka Mombasa hadi Nairobi, lilianza kazi mwaka 2018. Mwaka 2019 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria mpya ya Nishati na Sheria mpya ya Petroli, na ile Tume ikageuzwa kuwa Mamlaka yenye madaraka mapana zaidi. Hata hivyo, mwezi Machi mwaka huohuo mafuta yalivuja Kiboko, papo hapo Makueni, na safari hii yalitoka katika bomba jipya. Jambo hilo lilithibitisha kwamba chuma kipya hakichukui nafasi ya ukaguzi, kama vile bunduki mpya isivyochukua nafasi ya askari aliyefunzwa.

Isidhaniwe kwamba udhaifu huu ni wa Afrika peke yake. Marekani imekuwa na sheria ya usalama wa mabomba ya mafuta tangu mwaka 1979. Lakini tarehe 25 Julai 2010 bomba lilipasuka karibu na mji wa Marshall, katika jimbo la Michigan, na kengele za tahadhari zikalia katika chumba cha waendeshaji kwa muda wa saa 17 kabla uvujaji haujatambuliwa. Waendeshaji walidhani ni hitilafu ya kawaida, wakasukuma mafuta zaidi mara mbili. Tofauti ilionekana baadaye. Wachunguzi wasiokuwa chini ya kampuni wala chini ya wizara walitoa taarifa ya wazi iliyolaumu kampuni, na ikalaumu pia wakaguzi wa serikali kwa kulegea. Mwaka 2012 kampuni ilitozwa faini ya dola milioni 3.7. Fedha hizo zilikuwa kidogo kwa kampuni kubwa namna ile, lakini taarifa yenyewe ilisomwa na kila mwendesha bomba, na hapo ndipo ilipo nguvu ya uchunguzi ulio huru.

Mambo haya yanaigusa Tanzania kwa karibu. Bomba la Tazama, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilianza kazi mwaka 1968, wakati Zambia ilipokuwa imebanwa na utawala wa walowezi wa Rhodesia, na likawa mshipa wa uhai wa taifa ndugu. Mwaka 2023 bomba hilo lilianza kupitisha dizeli badala ya mafuta ghafi. Aidha, mwaka 2017 Tanzania na Uganda zilitiliana saini mkataba wa bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo kilomita 1,147 zimo katika ardhi ya Tanzania. Wala msiba wa moto wa petroli si hadithi ya jirani tu. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, gari la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, na zaidi ya 100 wakafa. Molo ilikuwa imefundisha, Sinai ilikuwa imefundisha, na bado Morogoro ikazika.

Kwa askari wa jeshi na polisi, basi, usalama wa bomba si kazi ya mafundi peke yao. Askari ndiye mtu wa kwanza wa dola kufika, na mara nyingi hufika kabla ya zimamoto. Yampasa ajue kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini, hujaa mitaroni na mabondeni, na unaweza kushika moto mbali na mahali mafuta yalipo. Kwa hiyo atakuja kutoka upande unakotoka upepo, ataacha gari mbali, atazima kila chenye cheche, na atawasukuma watu nyuma zaidi ya pale wanapoona panatosha. Kufyatua risasi hewani ili kutawanya umati, jambo ambalo mahali pengine huhesabiwa kuwa onyo, mahali hapo linaweza kuwa ndilo jiwe la kuwashia moto. Sauti, kamba, na nidhamu ya kikosi ndizo silaha za siku hiyo. Na askari anayepokea dumu moja la petroli ili afumbe macho ameuza roho za watu asiowajua.

Lakini kazi kubwa zaidi iko kabla ya siku hiyo. Doria inayoona nyumba ya kwanza ikijengwa juu ya bomba na kuitolea taarifa inaokoa watu wengi kuliko kikosi kinachokuja kubomoa nyumba elfu. Mlinzi anayeandika harufu ngeni ya mafuta katika daftari lake, hata kama mkubwa wake wa zamu anaona ni usumbufu, anatekeleza sheria kuliko hotuba kumi. Na mkaguzi wa serikali anapofika kwenye lango la kampuni, iwe ya watu binafsi au ya umma, lango hilo halina budi kufunguka, na askari anayelilinda ajue kwamba analinda bomba kwa ajili ya wananchi na si kinyume chao.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sinai ufa ulikuwa mdogo kama gasketi. Ungeweza kuzibwa na fundi mmoja kwa saa chache, kama pangekuwapo mtu mwenye uwezo wa kumwamuru na ujasiri wa kumwuliza kama ametimiza.