Magitaa Shuleni: Kutoka Malangali Hadi Mkwawa

Ndugu msomaji, wiki hii tuiache kidogo bei ya mbolea, tuzungumzie gitaa la umeme. Tena gitaa lililo mikononi mwa mwanafunzi. Najua wapo watakaoguna kwamba huo ni uhuni. Mguno huo ni wa zamani, na una historia yake hapa Nyanda za Juu Kusini.

Tuanzie Malangali, huko Mufindi. Mwaka 1928 Serikali ya Mwingereza ilifungua shule pale, chini ya bwana mmoja aliyeitwa W. Bryant Mumford. Huyu aliwaacha wanafunzi wavae mavazi ya kwao, akawaita wazee wa makabila waje kutoa ushauri, na ngoma akaziingiza katika mafunzo pamoja na kurusha mikuki. Simpambi kwa maua. Mkoloni alitaka kijana abaki Mhehe au Mbena mtiifu chini ya chifu wake, asije akaota mengine. Hata hivyo jambo moja alilishika sawasawa: anayejifunza ngoma ya pamoja hulazimika kumsikiliza aliye kando yake.

Makanisa nayo yalikuwa na yao. Wamoraviani na Walutheri wa Berlin waliingia upande wa Rungwe mwaka 1891, na baadaye matarumbeta ya kanisani, yale ya kupulizwa kwa sauti nne, yakawa jambo la kawaida.

Sasa tuje Iringa mjini. Kabla ya Uhuru palikuwa na shule ya watoto wa Kizungu iliyoitwa St. Michael's and St. George's. Baada ya Uhuru ikawa Mkwawa High School, ya vijana wetu wa kidato cha 5 na cha 6. Humo ndimo ilimozaliwa Orbits, bendi ya wanafunzi wenyewe, katika enzi zile ambazo vijana wa shule walihusudu soul na roki.

Hebu fikiri kazi ya kupiga kopi wakati ule. Hakuna daftari la nota, hakuna mkufunzi. Kuna santuri moja na sindano inayorudishwa nyuma mara ishirini. Mmoja anasaka besi, mwingine ridhimu, wa solo anataka kuwafunika wote, na wa drams ndiye anayelaumiwa mwendo ukiharibika. Wasipoelewana wimbo hautoki, hata kama kila mmoja ni fundi. Mwalimu gani wa siasa angefundisha ushirikiano kwa njia nyepesi kuliko hiyo?

Lakini upepo wa nchi ulikuwa unavuma kwingine. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipotangaza kuunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliwataja wale waliojifunza twisti na rock 'n' roll, akauliza ni wangapi wanaoijua Gombe Sugu. Swali lilikuwa la haki kabisa. Wasaidizi wake wakaligeuza rungu. Mwaka 1969 ukawa wa Operesheni Vijana, ya kukamata vimini na suruali za kubana, na Novemba mwaka huohuo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam.

Marufuku haikuzuia sauti kusafiri. Mbeya iko jirani na Zambia, ambako miaka ya 1970 vijana walikuwa wakipiga roki ya Kiafrika iliyokuja kuitwa Zamrock. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa mwaka 1976, na inapita Mbeya. Mwaka huohuo kikundi cha Sunburst, kilichoanzia Dar es Salaam, kilitoa albamu yake ya Ave Africa huko Zambia. Muziki wetu tukaenda kuurekodia ugenini!

Baadaye vyombo vikawa mali ya mashirika ya umma. Iringa ilipata Tancut Almasi, bendi ya kiwanda cha kukata almasi, iliyovuma miaka ya mwisho ya 1980. Kijana mwenye kipaji alipata ajira humo. Mashirika yalipobinafsishwa na mengine kufa, bendi nyingi za aina hiyo zilikufa nayo, na chipukizi wa bongo fleva akajifunza kuimba juu ya mdundo uliokwisha kutengenezwa. Sina ugomvi na bongo fleva. Ila mdundo wa kompyuta hausikilizi mtu. Hauwezi kukuambia kwamba umewahi au umechelewa.

Leo mtoto wa Mbeya akitaka kushika besi, mlango ulio wazi zaidi ni kwaya ya kanisa. Kwa wasio wa kanisani hakuna mlango ulio wazi namna hiyo. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umeweka somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi, na hilo nalipongeza. Lakini somo halipigwi ubaoni. Linataka magitaa matatu, drams, amplifaya, umeme usiokatika, na mwalimu anayejua kuvipiga.

Majengo yale ya Orbits yapo, na tangu mwaka 2005 ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kinachotoa walimu. Nawauliza wakubwa wa elimu: katika walimu hao, ni yupi mtakayempeleka Rungwe au Mufindi akiwa na gitaa mkononi?