Bagira: kartiye zilizochorwa kabla ya watu kuingia

Bukavu ina komini tatu: Ibanda, Kadutu na Bagira. Mtu akizitembelea kwa miguu, akiongozwa na anayejua historia ya mji, ataona haraka kwamba Bagira haikuanza kama zile mbili. Ibanda, kwenye rasi zinazoingia katika Ziwa Kivu, ilikuwa makao ya Wazungu. Kadutu ilikuwa ya Waafrika, nayo ilijaa mapema. Bagira, juu ya kilima upande wa kaskazini-magharibi, ilichorwa kwanza kwenye karatasi. Watu waliingia baadaye.

Wakati huo mji ulikuwa ungali unaitwa Costermansville. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu wengi walitoka vijijini kutafuta kazi mjini, na nyumba zikakosekana. Serikali ya Ubelgiji ilitangaza mpango wa miaka 10, 1949 hadi 1959. Mwaka 1952 ikaunda ofisi ya kujenga miji ya Waafrika, Office des Cités Africaines, ambayo watu waliijua kwa herufi zake, OCA. Ofisi hiyo ilijenga maelfu ya nyumba katika miji kama Léopoldville, Élisabethville, Stanleyville, Usumbura na Bukavu. Bandalungwa na Matete kule Kinshasa ni kazi yake. Ngagara ya Bujumbura vilevile, na Bagira yetu.

Ukitembea leo katika kartiye za zamani za Bagira, mchoro ule bado unaonekana. Nyumba za chini zinafanana na zimepangwa kwa mstari. Barabara zinafuata umbo la kilima. OCA haikupanga nyumba peke yake: mahali pa shule, soko, kanisa, zahanati na uwanja palitengwa tangu mwanzo, pamoja na mifereji ya kupitisha maji ya mvua.

Lakini mpango huo haukuwa zawadi. Wabelgiji walitaka wafanyakazi wakae mbali na Wazungu, mahali ambapo ni rahisi kuwahesabu na kuwasimamia. Nyumba ilikuwa ya mwenye mshahara, mwenye mke mmoja na watoto wake. Shangazi, wapwa na wageni kutoka kijijini hawakuhesabiwa kwenye mchoro.

Wazo la kumpangia mwananchi nyumba halikuwa la wakoloni peke yao. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ya Karume ilijenga maghorofa ya Kikwajuni na Michenzani kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, ikisema inajenga usawa. Siasa zilikuwa tofauti kabisa, lakini pale pia mtu alikuta nyumba yake imeshachorwa.

Baada ya uhuru wa 1960 ujenzi wa namna hiyo ulikatika. Watu hawakuacha kuja. Vita vya miaka ya 1990 na vilivyofuata vilileta Bukavu familia nyingi kutoka vijijini, na hadi leo zinaendelea kuja. Bagira ikaongezewa vyumba nyuma ya nyumba, kisha vibanda kwenye nafasi zilizoachwa wazi. Kwingineko mjini, kama kwenye mteremko wa Funu, nyumba zilipanda juu ya udongo unaotembea.

Hapo ndipo historia hii inawahusu waliokimbia makwao. Kiwanja cha bei rahisi anachoonyeshwa mgeni mara nyingi ni ile nafasi ambayo mchoro wa zamani uliiacha kwa makusudi: njia ya maji, ukingo wa korongo, uwanja wa shule. Ilikuwa na kazi yake hata bila nyumba. Mfereji ukizibwa na ukuta, maji yanatafuta njia nyingine, na njia hiyo inaweza kuwa sebule ya jirani.

Kabla ya kutoa pesa, uliza wazee wa avenue maji hupita wapi wakati wa mvua kubwa. Uliza pia shefu wa kartiye, kisha ofisi ya kadastri, kama mahali hapo paliwahi kuwa parseli. Bagira ilijengwa na watu ambao hawakuwauliza wakaaji chochote. Wakaaji wa leo wanaweza kuulizana, na kuzilinda nafasi chache zilizobaki wazi.