Dodoso: Kutoka Karatasi hadi Kishikwambi

Neno dodoso limetokana na kitenzi dodosa, yaani kuuliza kidogo kidogo ili kupata undani wa jambo. Asili hiyo haitaji karatasi wala kalamu, na kwa sababu hiyo neno limeweza kuhama. Sivyo ilivyo kwa fomu, ambayo masikioni mwa wengi ingali karatasi ya kujazwa.

Uhamaji huo unadhihirika katika sensa za Tanzania. Sensa ya tarehe 26 Agosti 1967, ya kwanza baada ya Muungano, ilitumia madodoso ya karatasi. Ndivyo ilivyokuwa hata mwaka 2012, ingawa safari hiyo karatasi zilisomwa kwa mashine. Tarehe 23 Agosti 2022 makarani walibeba vishikwambi. (Karani amebaki karani, ijapokuwa hashiki tena kalamu.) Idadi ya watu ya 2012 ilitangazwa baada ya siku 127, ile ya 2022, watu 61,741,120, baada ya siku 69. Tusidai kwamba tofauti yote hiyo ni kazi ya mashine.

Kwa mfasiri, jambo kubwa liko kwingine. Dodoso la karatasi lilikuwa na lugha mbili: ya kumwuliza mhojiwa, na ya kumwamuru karani, kama vile “ikiwa jibu ni hapana, nenda swali la 12”. Lugha hii ya pili imemezwa na programu. Mashine huyaruka yenyewe maswali yasiyohusika, na ikipangwa hivyo hukataa mama aliye mdogo kuliko mwanawe. Karatasi hupokea lolote, na karani aliyechoka huenda asilione kosa.

Hata hivyo, karatasi ilikuwa na pambizo. Jibu lisiloenea kisandukuni liliweza kuandikwa pembeni kwa maneno ya mhojiwa mwenyewe. Kishikwambi nacho chaweza kupewa nafasi kama hiyo, endapo mtunzi wa dodoso ataikumbuka. Asipoikumbuka, mpara samaki na mponda kokoto wote huishia katika “nyinginezo”, na majina ya kazi zao hayaandikwi popote. Kwetu sisi tunaokusanya msamiati, hasara hiyo si ndogo. Tunapendekeza basi kwamba nafasi ya maandishi huru katika dodoso la kompyuta iitwe pambizo, na kwamba wafasiri waidai kila wanapoletewa dodoso lisilokuwa nayo.