Konveta Iliyozaliwa kwa Ajili ya Taa

Fundi anayefungua konveta ya karavani ya Kimarekani ya miaka ya 1970 kwa kawaida hutafuta kilichoungua. Ingefaa kwanza ajiulize kifaa hicho kiliundwa kifanye nini. Kiliundwa kiwashe taa. Kuchaji betri kulikuwa kibarua cha pembeni. Karavani zile zililala kwenye viwanja vya kambi vyenye umeme wa volti 120. Waya ulipochomekwa, konveta iliushusha umeme huo hadi volti 12, na katika konveta nyingi relei iliiondolea betri mzigo wa taa na pampu ya maji na kuubebesha transfoma. Betri ikaachiwa njia yake nyembamba, mara nyingi ya ampea chache tu. Betri ya ampea-saa 100 iliyotumika nusu, ikipewa ampea 5, huhitaji zaidi ya saa 10 ili ijae, maana si chaji yote inayoingia hubaki. Msafiri aliyeng'oa kambi alfajiri aliondoka na betri pungufu, na konveta yake haikuwa na ubovu wowote.

Mtu atapinga: betri ya risasi na asidi ilijulikana tangu Gaston Planté aiunde mwaka 1859, watengenezaji wangekosaje kujua mahitaji yake? Walijua, ila walichagua uimara. Konveta nyingi zilitumia aina ya transfoma aliyoibuni Joseph Sola wa Chicago mwishoni mwa miaka ya 1930, inayoshikilia volti zake hata umeme wa nje ukiyumba, na isiyoungua upesi ikizidiwa mzigo. Ni chuma, shaba na kapasita tu, nzito, yenye mvumo. Nadhani ndiyo sababu nyingi bado zinafanya kazi. Lakini imefungwa kwenye mizunguko 60 kwa sekunde: jenereta ikizunguka polepole, volti hushuka nayo, na fundi huilaumu konveta kwa kosa la injini. Tena volti 13.8 zisizobadilika za konveta hizo ni chache mno kuijaza betri upesi, kazi inayotaka kama 14.4, na ni nyingi mno kuachiwa miezi mfululizo, kwani hukausha maji ya betri.

Je, huku ni kuutetea uchakavu? Hapana, mita ndiyo inayoamua. Betri iliyojaa na kutulia husoma takriban volti 12.6; umeme ukichomekwa, lazima ipande kupita 13. Taa ziking'aa na betri isipande, kagua fyuzi na relei ya njia ya kuchajia. Konveta ikitoa 13.8 lakini kwenye betri zikafika pungufu, tafuta kiungo chenye kutu, hasa cha ethi. Na pale taa za kisasa zinapopepesa au saketi ya friji inapogoma, mara nyingi hakuna kilichokufa: upande wa taa ulitoa umeme wenye mawimbi, usiochujwa, kwa kuwa balbu za waya wa enzi ile hazikujali.