Nobel ya Otofaji Haikutokana na Kufunga Kula

Wasee, kuna neno limeingia mitandaoni kwa fujo: otofaji. Kila wiki kuna mtu anatuambia tufunge kula siku tatu, ati seli "zinajila", mwili unajisafisha, saratani inaisha, na ati kuna Mjapani alipewa Nobel kwa kuthibitisha hivyo. Mimi chuo niliacha, sina digrii ya kumtishia mtu nayo. Lakini historia ya hii kitu iko wazi, na haisemi hivyo.

Tuanze Ubelgiji, 1949. Christian de Duve alikuwa Louvain akitafuta jinsi insulini inavyofanya kazi kwenye ini, akitumia maini ya panya. Kuna kimeng'enya alikipima akakuta ni kidogo mno. Sampuli zikawekwa kwa friji. Siku tano baadaye akapima tena: kimepanda. Wengi wangemwaga hiyo kitu waanze upya. Yeye akauliza, kilikuwa kimejificha wapi? Kumbe kilikuwa ndani ya kifuko chenye utando, na utando ulikuwa umeanza kuvuja. 1955 kifuko hicho kikapewa jina lisosomi. Ichukulie kama tumbo la seli. Watu wa hadubini nao wakaona vipande vya seli yenyewe ndani ya vifuko kama hivyo, na 1963, kwenye mkutano London, de Duve akaita jambo hilo otofaji, yaani kujila.

Halafu karibu miaka 30 ikapita. Watu walijua inatokea, lakini jeni zinazoiendesha hakuna aliyezijua.

Hapo anaingia Yoshinori Ohsumi. 1988, akiwa na miaka 43, ndio anapata maabara yake mwenyewe Tokyo. Anachagua kuchunguza vakuoli ya hamira, sehemu ambayo wengi waliiona kama jaa la taka tu. Ndio, hamira, hii hii ya mandazi. Akawaza hivi: kama mzigo unavunjwa haraka hadi hauonekani, zima mashine ya kuvunja. Akachukua hamira isiyo na vimeng'enya vya kuvunja kwenye vakuoli, akainyima chakula. Ndani ya saa chache vakuoli ikajaa vifuko, vikaonekana kwa hadubini ya kawaida. Ni kama kuzima posho mill huku watu wanaendelea kuleta magunia. Msongamano wenyewe unakuonyesha kazi iliyokuwa inafanyika.

Kisha akaharibu jeni za hamira bila mpangilio, akapekua maelfu, akitafuta zile ambazo vifuko havijai. 1993 yeye na Miki Tsukada wakatangaza jeni 15. Baadaye ikajulikana kwamba sisi pia tuna jeni za ukoo huo huo. Nobel ikaja 2016, akaipokea peke yake.

Sasa, njaa iko ndani ya hii hadithi, sikatai. Lakini ni njaa ya hamira. Kwa mwili wako otofaji inaendelea hata sasa, hata kama umekula chapo. Kwa chembe za protini zilizoharibika ni mtambo wa kuchakata: zinavunjwa, vipande vinatumika kujenga tena. Na kuhusu saratani, otofaji ina sura mbili. Inaweza kuzuia uvimbe usianze, lakini uvimbe ukishakua, seli zake hutumia otofaji hiyo hiyo kuvumilia njaa. Hiyo sehemu hawakuambii kwa video.

Ndio maana nakasirika. Kuna mama wa mtu anatumia insulini, anaona video, anakaa siku tatu bila kula. Sukari ikishuka, anaweza kuzimia, anaweza kufa. Aliyepost anahesabu views.

Ukitaka kufunga kwa imani yako, funga. Ukitaka kwa afya na una ugonjwa au unameza dawa, ongea na daktari kwanza. Lakini ukipost tena kuhusu Ohsumi, sema ukweli: alituzwa kwa kuonyesha mtambo unavyofanya kazi, kwa hamira. Hakuwahi kutuzwa kwa ajili ya diet unayouza.